Miaka isiyo na mshahara iandikwe

Mwombaji kazi ambaye wasifu wake unaruka kutoka 2019 hadi 2023 anajua swali litakalomkuta kwenye usaili: ulikuwa wapi? Wengi hulijibu kwa kigugumizi, kama watu walioshikwa na kosa. Wengine, kwa kuliogopa, husogeza tarehe. Kazi iliyokwisha Juni 2019 inaandikwa imekwisha 2021, na biashara ambayo haikuwahi kuwepo inapewa jina na mkurugenzi. Sisi tunasema miaka hiyo iandikwe kama ilivyokuwa, na waajiri nao waisome kwa haki.

Tunaanza na tarehe za uongo kwa sababu ndizo zinazowaangusha watu wenye sifa. Hakuna kitu chepesi kuhakiki kama tarehe. Taarifa ya michango ya hifadhi ya jamii inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuchangia. Barua ya kuacha kazi ina siku yake. Mdhamini akipigiwa simu atasema anachokumbuka, si ulichoandika. Tanzania haijasahau Aprili 2017, uhakiki wa vyeti ulipowabaini watumishi wa umma zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi. Mtu mwenye shahada halali ana sababu gani ya kujiweka karibu na kundi hilo? Anayeficha mwaka aliokaa hospitalini akimuuguza mama yake amechukua jambo la heshima akaligeuza kuwa udanganyifu.

Ushauri mwingi wa kazi unaotufikia umeandikwa kwa ajili ya kijana wa Ulaya au Marekani aliyemaliza chuo akazunguka dunia na begi mgongoni. Wapo wa kwetu waliofanya hivyo, na hawana cha kuonea haya: wataje nchi walizopita, muda waliokaa, na kazi au lugha waliyoipata huko, basi. Mtandao wa LinkedIn uliweka mwaka 2022 sehemu rasmi ya kuandika kipindi cha kusimama kazi, na safari ni mojawapo ya sababu zinazokubalika humo, pamoja na malezi, kuuguza na msiba. Lakini wengi wetu husafiri kwa sababu nyingine. Tunarudi kijijini kwa mzee aliyepooza. Tunamfuata mume aliyehamishwa kikazi. Tunakwenda Ghuba.

Hao wa Ghuba ndio wanaotuuma zaidi. Mwanamke amemaliza kidato cha nne, amekwenda Maskati kwa mkataba wa miaka miwili wa kazi za ndani, amerudi, sasa anaomba kazi ya mapokezi hotelini. Kwenye wasifu miaka ile miwili haipo. Ameifuta mwenyewe, kwa sababu amesikia jinsi watu wanavyowazungumza waliokwenda Uarabuni, na hataki mtu asiyemjua aanze kumpekua yaliyompata kule. Matokeo yake mwajiri anasoma kwamba alikaa bure. Ukweli ni kwamba alilea watoto wa watu, alipika kwa ratiba ya nyumba nzima, alifanya kazi usiku na mchana chini ya bosi ambaye mwanzoni hakuelewana naye hata kwa salamu, na amerudi anazungumza Kiarabu. Hoteli ya Zanzibar inayopokea wageni kutoka Oman inamhitaji mtu huyo. Aandike hivi: “2020–2022, Maskati, Oman. Mfanyakazi wa ndani, mkataba wa miaka miwili. Malezi ya watoto, mapishi, Kiarabu cha kuzungumza.” Hizo ni sentensi tatu fupi, na zote ni za kweli. Aliyotendewa vibaya, kama yapo, si lazima ayaeleze mbele ya jopo. Hiyo ni haki yake kuyanyamazia.

Vivyo hivyo kwa mwalimu aliyehitimu akasubiri ajira ya serikali miaka kadhaa. Alifundisha twisheni, alijitolea shule ya kata, pengine aliendesha bodaboda kulipa kodi ya chumba. Yote yaandikwe. Waongoza watalii wa Arusha walioachwa bila wageni mwaka 2020 hawahitaji hata kueleza sana, kwa sababu kila mwajiri anaujua mwaka ule. Na aliyeugua aandike kwamba aliugua na sasa yuko tayari kwa kazi. Jina la ugonjwa abaki nalo yeye na daktari wake.

Kwa waajiri tuna neno kali kidogo. Mwanamke aliyeacha kazi kulea watoto bado anaulizwa kwenye usaili kama ana mpango wa kuzaa tena, na anaulizwa na watu wanaojiita wataalamu wa rasilimali watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito, kwa hali ya ndoa au kwa majukumu ya familia, na inamhesabu mwombaji kazi kuwa miongoni mwa wanaolindwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inamlinda anayetafuta kazi, na inautaja ujauzito waziwazi. Kwa hiyo jopo linaloweka pembeni maombi ya mama kwa kuwa alikaa nyumbani miaka mitatu na mtoto limeingia kwenye ubaguzi ambao sheria imeukataza, hata kama hakuna atakayelishitaki.

Hatusemi kila kipindi cha kukaa nje ya kazi hakina gharama. Mhasibu aliyekaa miaka minne nje atakuta viwango na programu vimebadilika, na muuguzi atakuta miongozo mipya. Mwajiri ana haki ya kuuliza ujuzi umetunzwaje, na mwombaji ajiandae kwa swali hilo kuliko lile la alikuwa wapi: kozi fupi aliyosoma, leseni aliyohuisha, vitabu vya duka la shangazi alivyoviandika kila jioni. Fomu za maombi zinazodai kazi mfululizo bila kuacha nafasi ya maelezo zibadilishwe. Zinamlazimisha mtu mwaminifu kuchagua kati ya kuacha wazi na kudanganya. Na jopo likishapata jibu la wazi kuhusu miaka hiyo, lihamie kwenye kazi inayoombwa, limpe mtihani ule ule liliowapa wengine.