Ashtakiwe mtu kwa alichotenda

Mhariri,

Januari 2024 Uingereza ilikipiga marufuku chama cha Kiislamu cha Hizb ut-Tahrir chini ya Sheria ya Ugaidi ya 2000; sasa uanachama pekee waweza kumfunga mtu hadi miaka 14. Mimi ni Mwislamu, na ndoto yao ya ukhalifa naipinga kabisa. Serikali ilisema walisifu mashambulizi ya Hamas dhidi ya Israel ya Oktoba 7, 2023. Basi aliyesifu ashtakiwe kwa kauli yake. Kwa nini afungwe hata asiyesema lolote?

Tazameni Urusi. Mahakama ya Juu ilikiita chama hicho cha kigaidi mwaka 2003, na huko Crimea inayoshikiliwa na Urusi, Watatari wamefungwa zaidi ya miaka kumi kwa mazungumzo ya dini na siasa yaliyorekodiwa kwa siri, bila bomu wala bunduki. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo ikawageukia Mashahidi wa Yehova kwa madai ya msimamo mkali, watu wasiokubali hata kwenda jeshini! Hapa Afrika, Malawi iliwapiga marufuku Mashahidi hao mwaka 1967. Walipokataa kadi ya chama tawala walipigwa, na maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji.

Msomaji wenu,
Tanga