Ziwa Tanganyika: dagaa tunawahesabu, konokono je?

Wadau, mnakumbuka Tanzania iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024? Kila mtu aliongelea dagaa na migebuka, bei sokoni, na wavuvi watakula nini. Sawa kabisa. Ila mimi naona kuna shahidi hatukumwita: konokono.

Msicheke jamani. Ziwa lile lina konokono wasiopatikana pengine popote duniani. Speke na Burton walipofika Ujiji mwaka 1858 yalikusanywa magamba, na mwaka 1859 mtaalamu wa London, Samuel Woodward, akayaandika kisayansi. Speke akapewa konokono wa jina lake, Burton akapewa kombe. (Mabwana hao baadaye waligombana vibaya, lakini ziwani majina yao bado ni majirani.) Sisi wenye ziwa, wengi tunasema "konokono" tu, basi.

Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walitoa utafiti wa tope la chini ya ziwa. Tope hujipanga tabaka juu ya tabaka, kila moja na magamba na mabaki ya samaki wa wakati wake. Walikuta nini? Ziwa limekuwa likipata joto kwa miaka kama 150, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, na eneo la chini lenye oksijeni limepungua kwa asilimia 38 katika sehemu walizopima. Samaki na konokono wakapungua, na hali hiyo ilianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Kufunga ziwa miezi 3 kunampa samaki nafasi ya kuzaa, lakini hakupoozi maji. Na lawama zote anabebeshwa mvuvi!

Samaki anahama, leo Kigoma kesho Kalemie. Konokono wa kwenye mawe hana pa kukimbilia. Tope likishuka kutoka milima iliyokatwa miti linafunika mwani anaokula, naye anakwisha hapohapo. Kuna hata samaki wadogo wanaotaga na kulea watoto ndani ya magamba matupu.

Mimi nasema vijana wa BMU wapewe na karatasi ya konokono: jiwe lilelile, mwezi uleule, idadi na picha. Simu inatosha. Bila hivyo, ziwa likifungwa tena tutabishana kwa hisia tu.

Mlioko Kigoma, Rumonge, Uvira: kwenu hawa konokono mnawaitaje? Bado wapo kwenye mawe mliyoogea utotoni? Mwageni hapa chini.