Tulale Takwa, Lakini kwa Adabu

Atakaye kwenda Takwa na aulize saa ya maji kabla ya kuuliza nauli. Magofu ya mji huo yamo kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu, na mashua huyafikia kwa kupita mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko. Maji yakijaa, chombo hupita. Yakitoka, nahodha hukwama topeni. Motokaa haifiki. Ukishushwa pale, mzigo wako ni wa mgongoni na safari ni ya miguu.

Upweke huo ndio uvutao wageni, na kwa miaka mingi vitabu vya wasafiri vimewaambia kuwa mtu aweza kulala huko kwa hema. Basi wako kati yetu wasemao kambi hizo zipigwe marufuku, kwa kuwa pale pana msikiti na makaburi. Na wako wasemao gofu ni gofu, aliyelipa kiingilio na alale apendapo. Naona pande zote mbili zimepotoka.

Tuanze na hawa wa pili. Takwa ulikuwa mji wa Waislamu uliostawi katika karne ya 16 na ya 17. Msikiti wake wa Ijumaa ungaliko, na nguzo imesimama juu ya ukuta wa kibla. Nje ya ukuta wa mji liko kaburi la nguzo lenye tarehe ya 1094 Hijria, yaani yapata 1683. Watu wa Shela, ambao mapokeo yao yasema wazee wao walihama kutoka Takwa, huenda kaburini hapo kuomba mvua. Tena katika madhehebu yetu ya Shafi, msikiti uliowekwa wakfu haurudi kuwa mali ya mtu hata ukibomoka. Mtu atawezaje kutandika godoro lake mihrabuni akasema amelala gofuni?

Ama hao wa kwanza, nawauliza: mkiufunga mji usiku, atakayeujua ni nani? Mgeni wa mchana hufukuzwa na maji. Huzunguka saa mbili, hupiga picha, akaitwa mashuani. Alalaye huko hufahamu mengine. Yasemekana moja ya sababu za watu kuhama Takwa ni visima kuingia chumvi. Neno hilo husomwa mara moja likasahauliwa. Lakini kijana aliyebeba maji yake mwenyewe kutoka Lamu, akayapima kwa kikombe mpaka asubuhi, hatalisahau. Alfajiri atatawadha kwa uchache, atasimama kuelekea kibla kile kile walichokielekea wenyeji wa mji, na atajua kuwa waliokaa hapa walikuwa watu kama yeye. Kurani yenyewe yatuhimiza tutembee katika ardhi tukatazame mwisho wa waliotutangulia.

Kwa hiyo, kambi iwepo, na masharti yawepo. Mahema yakae mbali na msikiti na makaburi. Moto usiwashwe karibu na kuta. Sisi wa Pwani twajua vyema kuwa matumbawe yakipata moto huwa chokaa. Mikoko isikatwe kwa kuni. Pombe isivukishwe. Kila aliyeingia na kopo au chupa atoke nayo. Na siku ambazo watu wa Shela waja kuomba, hema lisionekane.

Hayo ni ya wageni. Letu sisi ni zito zaidi. Takwa ilifukuliwa na James Kirkman mwaka 1951, ikatangazwa kuwa ukumbusho wa taifa mwaka 1982, na hata leo wengi wa vijana wetu huijua kwa picha tu. Makumbusho ya Taifa yatenge siku za wanafunzi wa shule na madrasa, bila ada au kwa ada ndogo, walale huko pamoja na walimu wao na wazee wa Shela wa kuwasimulia. Wazazi nao wasiseme kulala kwa hema ni mchezo wa Wazungu. Mababu zetu walilala fuoni wakingoja upepo na maji tangu zamani, na hawakuhesabu jambo hilo kuwa aibu.

Tukikataa kwenda wenyewe, tusinung'unike tukiona mji wa wazee wetu wasimuliwa na wengine.