Ndege ya Mbao na Kitani

Azionaye ndege za vita za siku hizi huenda asisadiki kwamba zilizozitangulia ziliundwa kwa mbao, nyaya na kitambaa cha kitani. Juma hili tuitazame mojawapo, B.E.2 ya Uingereza, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwezi wa Februari 1912.

Ilikuwa na mabawa ya juu na ya chini, na kazi yake hasa ilikuwa upelelezi. Mtazamaji aliketi mbele, rubani nyuma yake. Aina yake ya B.E.2c, iliyofika hata Afrika ya Mashariki mwaka 1916 na kuruka kutoka Mbuyuni, karibu na Taveta, ilitulia sana angani, ikafaa kwa kupiga picha. Lakini sifa hiyo ndiyo iliyokuwa ila yake. Iliposhambuliwa na ndege za Fokker za Wajerumani, haikuweza kugeuka upesi ikajiokoa.

Ilipotakiwa kubeba mabomu, mara nyingi mtazamaji aliachwa chini ili kupunguza uzito. Ndivyo alivyokwenda peke yake Luteni William Rhodes-Moorhouse, tarehe 26 Aprili 1915, na bomu moja la kilo 45, kuipiga reli ya Courtrai nchini Ubelgiji. Wajerumani walikuwa wakiitumia reli hiyo kupeleka askari kwenye mapigano ya Ypres. Alishuka hadi mita 90 hivi ili asikose shabaha, naye akajeruhiwa vibaya kwa risasi. Angaliweza kutua papo hapo akatekwa, apate kutibiwa. Hakukubali. Aliirudisha ndege kambini, akashikilia kutoa taarifa yake kwanza ndipo atibiwe. Kesho yake akafariki. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, akawa mwanaanga wa kwanza kuupata.

Aliacha mjane na mtoto wa kiume wa umri wa mwaka mmoja tu. Mtoto yule alikua, naye akawa rubani wa vita. Mwezi wa Septemba 1940 aliuawa angani akiilinda Uingereza, akazikwa kando ya baba asiyepata kumjua.

Basi tusimuliapo ushujaa wa askari, tumtaje pia mama yule aliyezika mume, akalea mwana, kisha akamzika naye. Hakutunukiwa nishani yoyote kwa hayo. Wewe uliye na jirani mjane wa askari, usingoje siku ya kumbukumbu: mtembelee juma hili hili, ujue watoto wake wanaendeleaje.