Mashine Kuukuu Isihukumiwe Kabla ya Mafuta

Hapa Miono bahari haionekani, na pengine msomaji atauliza kwa nini nachukua nafasi ya gazeti letu kuzungumza habari za mashine za boti. Mimi ni mzaliwa wa Saadani, na wenzangu kadhaa bwenini ni watoto wa wavuvi. Nitakalo kusema ni hili: mashine kuukuu ikizima baharini, watu huishtaki mashine, na mara nyingi mwenye kosa ni mafuta.

Likizo ya Juni iliyopita baba yangu mdogo alizimikiwa na mashine karibu na mlango wa mto Wami, jua likizama na maji yakipwa. Alitia nanga, akalala baharini yeye na vijana wawili, nasi nyumbani hatukupata usingizi. Asubuhi walivutwa na mashua iliyokuwa ikipita. Fundi mmoja aliitazama mashine ile, akasema imezeeka, yataka kabureta mpya. Fedha iliyowekwa kwa ajili ya nyavu za kamba ikaenda huko. Siku ya tatu mashine ikazima tena!

Ndipo nilipomwomba baba mdogo ruhusa niteke mafuta ya chini kabisa ya tangi, niyatie katika chupa nyeupe. Tuliyaacha yatulie. Chini ya chupa palikuwa na maji, kiasi cha vidole viwili. Katika Fizikia tulifundishwa kwamba petroli ni nyepesi kuliko maji, nami nililijibu swali hilo katika mtihani nikapata alama zote. Lakini sikupata kufikiri kwamba swali lile lilikuwa limekaa ndani ya tangi la baba mdogo.

Basi, kwa maoni yangu, yafaa uchunguzi uanzie pale mafuta yanapoanzia safari yao. Kwanza kifuniko cha tangi: tundu lake la hewa likiwa limefungwa, mashine huwaka vizuri dakika chache kisha hufa, kwa kuwa hewa haiingii kushika nafasi ya mafuta yaliyotoka. Halafu ule mpira wa kuminya ulio katika bomba. Ukinywea na kubaki bapa, kizuizi kiko upande wa tangi. Ikiwa mashine hufufuka kila unapouminya, yamkini pampu ya mafuta imechoka, au bomba lina ufa unaovuta hewa. Chujio nalo litazamwe. Plagi ikifunguliwa ikaonekana kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika, nawe uchunguze moto wa umeme. (Mvuta sigara akae mbali na kazi hii.) Kabureta ije mwisho, nayo aghalabu haitaki kununuliwa bali kusafishwa vitundu vyake, maana petroli iliyolala miezi mingi huacha utomvu.

Wako watakaosema kosa ni la wauzaji wa mafuta ya madumu. Sikatai. Ni kweli pia kwamba mwaka 2010 ilianzishwa kazi ya kuyatia mafuta alama, ili wanaochanganya petroli na mafuta ya taa wajulikane. Lakini alama haizuii maji ya mvua kuingia katika dumu lisilo na kifuniko, wala unyevu kugeuka matone ndani ya tangi lililoachwa nusu.

Mwalimu wetu mmoja aliniambia kwa utani kwamba Miono si bandari. Nami namjibu kwa heshima kwamba pikipiki zipitazo langoni petu nyingi zina kabureta, na maradhi yake ni yale yale. Kwa hiyo naomba maabara yetu ya Fizikia ipate mashine moja ya boti, hata isiyowaka, tuifungue kwa mikono yetu. Wazazi mnaosoma gazeti hili, hapana mwenye moja iliyotupwa uani kwa kusingiziwa uzee?

Baba mdogo amekwisha kunipa ile kabureta yake ya zamani. Tuliifungua hapa bwenini Jumamosi iliyopita, tukaipuliza na kuitazama tundu kwa tundu. Ilikuwa nzima.