Wi-Fi ya nyumbani Kolwezi: kabla ya kununua ruta mupya, tafuta kwanza ugonjwa uko wapi

Mwezi Mei 2025, ARPTC, mamlaka ya serkali inayosimamia posta na mawasiliano, iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi katika inchi yetu. Mwezi Machi 2024 mamlaka hiyo hiyo ilikuwa imekumbusha kwamba kuitumia hapa ni kinyume cha sheria. Leo mkaaji wa Manika ao Dilala anaweza kuchagua: sahani ya setilaiti, fibre pale inapopita, ao ruta yenye kadi SIM ya Vodacom, Airtel ao Orange.

Njia zimeongezeka, lakini malalamiko ni yale yale: «Nimelipa forfe, koneksio haiko.» Na feza nyingi zinapotea kwa sababu tunachanganya mambo mawili. Koneksio inayofika nyumbani ni jambo moja. Wi-Fi inayotembea ndani ya nyumba ni lingine. Ni kama maji: bomba la barabarani likikauka, hata ukiweka robine tano katika parsele, hautapata tone.

Jinsi ya kujua ni rahisi. Simama na simu metre moja ao mbili karibu na ruta. Kama hata pale kurasa hazifunguki, Wi-Fi haina kosa: angalia forfe, kable, ao uite kampuni. Kwa Starlink, angalia kama muti wa maembe haufuniki sahani, maana inataka mbingu wazi. Lakini kama karibu na ruta inatembea vizuri na katika chumba cha nyuma inakufa, basi ugonjwa uko ndani ya nyumba.

Mshukiwa wa kwanza ni umeme. Kolwezi ni mwisho wa ile njia kubwa ya umeme kutoka Inga, karibu kilometre 1.700, iliyoanza kazi mwaka wa 1982 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mabwawa ya Nzilo na Nseke nayo hayako mbali. Hata hivyo, katika mitaa delestaji tunaijua wote. Umeme ukirudi kwa nguvu, mara nyingi chaja ya ruta njo inaumia mbele ya ruta yenyewe. Taa zikizima na kuwaka zenyewe, jaribu kwanza chaja ingine: volti ziwe sawasawa na zile zilizoandikwa kwenye ruta, ampere zisipungue. Ruta nyingi ndogo zinatumia volti 12, na batri ndogo inaweza kuzibeba masaa kazaa. Starlink inakula umeme zaidi; hiyo inahitaji batri kubwa.

Mshukiwa wa pili ni mahali. Ruta iliyofichwa nyuma ya frigo, kando ya tanki la maji ao ya mlango wa chuma haitafika mbali. Iweke juu, katikati ya nyumba. Kama ni ya kadi SIM, iweke karibu na dirisha linaloelekea antena ya kampuni. Ruta nyingi zinatoa mawimbi mawili: 2,4 GHz inapita ukuta wa matafari vizuri zaidi, 5 GHz ina mbio, lakini inachoka haraka.

Kama bado haifiki, watu wanakimbilia kununua kirudishi na kukiweka katika chumba kisicho na Wi-Fi. Hapo hakina kitu cha kurudisha. Kiweke nusu ya njia, pale simu inapokamata bado vizuri. Na ujue kwamba vingi vinapunguza mbio karibu nusu. Kwa nyumba ndogo ya nyuma katika parsele, kable ni bora: inafika mpaka metre 100. Ruta ya zamani inaweza kutumika kwenye mwisho wake. Ipe anwani yake tofauti, zima kazi yake ya kugawa anwani (DHCP), na chomeka kable kwenye tundu la LAN. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa umeme na kable pia.

Wengine wanapanua mtandao ili wauzie majirani. Hapo wawe na akili. Masharti ya Starlink ya nyumbani yanakataza kuuza tena, na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 imeweka kazi ya mawasiliano kwa raia chini ya usimamizi wa serkali. Hata bila kuuza, badilisha neno la siri lililotoka na ruta.

Ruhusa ya 2025 ilileta mlango mupya wa koneksio. Haikuleta umeme wa kudumu, na mzigo huo umebaki kwa familia inayonunua batri. Lakini kuna kitu kisichotaka feza: daftari. Andika siku na saa koneksio inapokatika wakati uko karibu na ruta na umeme uko. Mtu anayefika kwa kampuni na tarehe kumi zimeandikwa, ni vigumu kumujibu tu: «Nenda uzime, uwashe tena.»