Nganya Inang'aa, Lakini Waya Je?

Msee, ukipanda nganya ya Ronga jioni unacheki nini kwanza? Skrini, taa za rangi, bass inayotetemesha kiti. Hakuna mtu huuliza waya zimepitia wapi. Na hapo ndio kuna noma.

Sheria za Michuki za 2004 zilituletea mikanda, spidi gavana na ule mstari wa manjano. Vyote unaviona. Waya huzioni.

Piga hesabu. Mathree nyingi za Isuzu hutumia volti 24. Amp ikivuta wati 1,200, hiyo ni ampea 50. Ukiiunga kwa waya nyembamba ya taa, waya inapata moto, plastiki inayeyuka, na hapo moto ni dakika tu. Fyuzi ikikatika kila siku, fundi mjanja anaweka kubwa zaidi. Shida hajatoa, amefukuza soja.

Dawa ni kung'oa waya zote na kuanza upya: waya nene ya ngoma, laini yake pekee, fyuzi karibu na betri, inayolingana na unene wa waya. Lakini siku gari iko gareji hakuna doh inaingia, so mwenyewe anaona afadhali tepu.

Kwa hivyo jichunge. Ukisikia harufu ya plastiki ikiungua, ama taa zinafifia kila bass ikigonga, mwambie konda gari isimame, ushuke. Nganya ingine inakuja. Wewe uko mmoja tu.